Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuchagua Neno la Kiingereza la Kushtuka, Kushangaa na Kukutwa Hujajiandaa

Kosa linalojirudia ni hili. Mtu anapata mwaliko mzuri, anafurahi, anajibu kwa Kiingereza: “I was shocked to receive your invitation.” Aliyemwalika anabaki kujiuliza amemkosea nini. Mwingine anaandika “I was taken back by the question”, na kwa maneno yake mwenyewe amesema swali lilimrudisha alikotoka. Wa tatu anasema mvua ilimkuta “red-handed”, kana kwamba alikuwa anaiba.

Wote hao sarufi wanaijua. Kinachowaangusha ni mazoea ya Kiswahili cha kila siku, ambapo kushtuka na kushangaa ni vitenzi viwili vinavyobeba mzigo wa kijiji kizima. Kiingereza kimeugawa mzigo huo kwa maneno mengi, na kila neno lina mlango wake. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukirukia maneno makubwa ya hatua ya 6 kabla ya kumaliza hatua ya 2, utaongeza msamiati lakini makosa yatabaki yale yale.

## Vitu vya kuwa navyo

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza lugha. Oxford, Cambridge na Longman wanazo, na zote zinasomeka bure mtandaoni. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili haitoshi kwa kazi hii: tafuta “amaze”, “astonish” na “astound” humo, na kuna uwezekano mkubwa ukapewa “shangaza” mara tatu. Kamusi za wanaojifunza huonyesha kama neno ni rasmi au la mazungumzo, na kama ni la Uingereza au la Marekani. Alama hizo ndogo ndizo unazozihitaji hapa.

Mkusanyo wa matini, yaani kopasi. COCA (Corpus of Contemporary American English) ina maneno zaidi ya bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani, kuanzia mwaka 1990. BNC (British National Corpus) ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, ya mwishoni mwa karne ya 20. Humo unaona watu walivyoandika kweli. Ukikosa nafasi ya kuzitumia, injini ya utafutaji na alama za kunukuu zitakusaidia kwa kiasi.

Sentensi tano za Kiswahili, za kwako mwenyewe, kuhusu mambo yaliyokushtua au kukushangaza kweli. Ziandike sasa, kabla hujaendelea. Ukitumia sentensi za kubuni utachagua zile unazojua tayari tafsiri yake, na hapo hujajipima.

## Hatua ya 1: Jiulize maswali manne kabla ya kugusa neno

Chukua sentensi ya kwanza katika zile tano, uiulize hivi:

1. Ni mwili ulioruka, au ni akili iliyoshangaa?
2. Jambo lenyewe lilikuwa jema, baya, au la kawaida tu?
3. Lilikuwa kubwa kiasi gani?
4. Shida ilikuwa kwamba *hukulitarajia*, au kwamba *hukuwa tayari* nalo?

Swali la nne ndilo watu wanaloliruka, nalo ndilo linaloamua mambo mengi. Kutotarajia na kutokuwa tayari ni hali mbili tofauti. Mkuu wako wa kazi akikuuliza takwimu za mwezi katikati ya kikao, huenda ulijua kwamba ipo siku ataziuliza. Ulitarajia. Ila saa ile hukuwa nazo. Ukisema “I was surprised by the question” umesema swali lilikuwa geni kwako. Ukisema “The question caught me off guard” umesema ukweli: lilikukuta umelegea.

Umemaliza hatua hii ukiwa umeandika kando ya kila sentensi maneno machache tu, kwa mfano “akili, baya, kubwa, sikutarajia”. Usiandike neno lolote la Kiingereza bado.

## Hatua ya 2: Limudu “surprise” kwanza

Hili ndilo neno la katikati. Halina wema wala ubaya, si kubwa wala dogo, na linakubalika kwenye barua rasmi na kwenye soga. Ukiwa na shaka, tumia hili. Hakuna aliyewahi kuonekana mjinga kwa kuandika “surprised”.

Tahajia. Kuna “r” mbili: s-u-r-p-r-i-s-e. Ile ya kwanza haisikiki vizuri kwenye matamshi, ndiyo maana wengi huiacha.

Anayeshangaa na kinachoshangaza. Mwenye hisia huchukua “-ed”, kisababishi huchukua “-ing”. “I was surprised” ni nilishangaa. “The result was surprising” ni matokeo yalishangaza. Ukisema “I am surprising” umejisifu kwamba wewe ni mtu wa kushangaza watu. Kanuni hii ni ile ile kwa “shocked” na “shocking”, “amazed” na “amazing”, “astonished” na “astonishing”, kwa hiyo ukiishika hapa umeishika kote.

Kinachofuata baada yake. Hapa pana makosa mengi, basi twende taratibu.

“Surprised by” na “surprised at” zote zinafaa kwa jambo lililokushangaza: “I was surprised by the result”, “I was surprised at the result”. “Surprised to” hufuatwa na kitenzi: “I was surprised to see her there.” “Surprised that” hufuatwa na sentensi nzima: “I'm surprised that he agreed.” Usiandike “surprised of”.

“Surprised with” ipo, ila maana yake ni nyingine. “They surprised me with a new bicycle” ni walinishtukiza kwa kunipa baiskeli mpya. Hapo “with” inaonyesha kitu ulichopewa.

Na kuna “I'm surprised at you”, ambayo ni karipio. Inalingana kabisa na ile “nakushangaa!” ya mzazi kwa mtoto aliyefanya utovu wa adabu. Ukitaka kumsifu mwenzako aliyefanya vizuri kuliko ulivyodhani, iepuke hiyo. Sema “I'm impressed”.

Vipande vya kukariri vizima vizima:

- “To my surprise, the door was open.” Kwa mshangao wangu, mlango ulikuwa wazi. Usisahau mkato.
- “It came as a surprise.” Jambo halikutarajiwa.
- “I was pleasantly surprised.” Nilidhani pangekuwa pabaya, nikakuta pazuri. Hiki ndicho kipande ambacho yule aliyealikwa angeweza kukitumia, ingawa kwa mwaliko bora zaidi ni “I was delighted”.
- “I wouldn't be surprised if he resigned.” Sitashangaa akijiuzulu.
- “The rain took us by surprise.” Mvua ilitukuta hatuna habari. Utakuta pia “caught by surprise”. Zote mbili zinaeleweka na zinatumika.

Tahadhari: “What a surprise!” ikisemwa kwa sauti bapa, isiyopanda, ni kejeli. Maana yake ni “nilijua tu”. Kwenye ujumbe wa simu, ambako sauti haisikiki, iongezee neno la furaha ili usieleweke vibaya.

## Hatua ya 3: Ukiwa ni mwili ulioruka, tumia “startle”

Kuna kushtuka kwa sekunde moja: mlango unajibamiza, macho yanapepesa, mabega yanapanda, shingo inajikunja, halafu basi. Hiyo ni “startle”. “The noise startled me.” “I was startled by the noise.” Mtu mwepesi wa kushtuka namna hiyo ni “easily startled”, au kwa mazungumzo, “jumpy”.

Kwenye mazungumzo ya kawaida watu husema zaidi “You made me jump!” au “You scared me!” Waingereza husema pia “You gave me a fright.” Ukimwambia rafiki aliyekunyatia “You startled me” hujakosea, ila umekuwa rasmi kidogo.

Jipime kwa muda. Je, hali hiyo ingeweza kudumu wiki nzima? Kama ndiyo, “startled” si neno lake. Mtu anaweza kuwa “shocked” kwa wiki. Hawezi kuwa “startled” kwa wiki.

Umbo la “startling” limetoka nje ya mwili kidogo: “a startling resemblance” ni kufanana kunakokufanya ugeuke uangalie mara ya pili. Hilo likubali kama lilivyo. Na ukisoma riwaya za zamani ukakuta “She started at the sound”, usitafsiri “alianza”. Alishtuka.

## Hatua ya 4: Tenga habari mbaya na njema

“Shock” ni la jambo baya au zito: kifo, ajali, kashfa, usaliti, bei iliyoruka kupita kiasi. “I was shocked to hear of his death.” Ukiliweka kwenye habari njema bila maelezo mengine, msomaji atatafuta ubaya uko wapi. Kwenye mazungumzo watu hulitumia ovyo hata kwa mambo madogo, na sauti yao inaonyesha wanatania. Kwenye maandishi utani huo hupotea.

“Shocked” inaweza pia kubeba hukumu ya kimaadili. “I am shocked at your behaviour” si kwamba nilishtuka tu, ni kwamba nimechukizwa. Ukitaka hukumu hiyo iwe kali zaidi, kuna “appalled”.

Tahadhari ya kitabibu: “He went into shock” hospitalini ni hali ya hatari ambapo damu haifiki viungoni inavyotakiwa. Mtu ambaye ameduwaa tu kwa habari aliyoipata, usimwandikie hivyo kwenye taarifa ya ajali.

“Amazed” kwa kawaida huegemea upande wa wema au wa maajabu. “I was amazed at how quickly she learned.” Lakini “amazing” limechakaa kwa kutumiwa, siku hizi mara nyingi ni “nzuri sana” tu. Ukitaka mshangao wa kweli kwenye maandishi, “astonishing” bado lina nguvu yake.

Mtego mkubwa kuliko yote hapa ni “stunned” na “stunning”. “I was stunned” ni nilipigwa na butwaa, kwa jema au kwa baya. “You look stunning” ni umependeza mno. Mtu mmoja anaweza kuwa “stunned” kwenye mazishi na mwingine “stunning” kwenye harusi, usizibadilishe. Na Mwingereza akisema “shocking weather” anamaanisha hali ya hewa ni mbaya sana, hata kama alishaitarajia tangu jana.

## Hatua ya 5: Kukutwa hujajiandaa

Huu ndio uwanja mpana, na ndipo “nilishtukizwa” yetu inapohitaji kuchaguliwa neno kwa uangalifu. Yapange maneno haya kulingana na swali moja: *nani ana lawama?*

Hakuna mwenye lawama: “caught off guard”. Ulinzi wako ulikuwa chini, basi. “The announcement caught everyone off guard.” Angalia mahali pa mtendwa: anakaa katikati. “It caught the minister off guard” ni sahihi. “It caught off guard the minister” si sahihi. Kwa maandishi rasmi kidogo kuna “caught unawares”, yenye “s” mwishoni. Bila “s”, “unaware” ni kivumishi cha mtu asiyejua jambo: “I was unaware of the change.”

Aliyesema neno ndiye aliyekuyumbisha: “taken aback”. Hii ni ya maneno au tabia ya mtu, na mara nyingi ina uchungu kidogo. “I was taken aback by her tone.” Picha yake ni ya meli ya matanga: upepo unageuka na kupiga matanga kutoka mbele, unayasukuma dhidi ya mlingoti, na chombo kinasimama ghafla. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyeulizwa mshahara wake mbele za watu. Anasita, anakosa la kusema kwa sekunde mbili, kisha anajikusanya.

“Aback” ni neno moja na “a” yake haiondoki. “Taken back” ni kurudishwa. Unaweza pia kusema “Her reply took me aback”, mtendwa akiwa katikati kama kawaida.

Lawama ni ya aliyekutwa: “caught napping”. Alipaswa kuwa macho, akazembea. Mlinda mlango anayefungwa bao akiwa anaongea na beki wake amekuwa “caught napping”. “Caught flat-footed” inakaribiana nayo. Usiandike hivi kuhusu bosi wako kwenye ripoti atakayoisoma.

Lawama ni ya waliojua wakanyamaza: “blindsided”. Ni neno lenye asili ya Marekani: umegongwa kutoka upande usioweza kuuona. Leo lina harufu ya kufichwa habari. “I felt blindsided by the decision” kazini si maelezo ya mshangao tu; ni malalamiko kwamba wenzako walijua na hawakukuambia. Litumie pale tu unapotaka malalamiko hayo yasikike. Kama hutaki ugomvi, rudi kwenye “caught off guard”.

Umepigwa chenga: “wrong-footed”. Waingereza hulipenda. Mchezaji amekwenda kulia, mpira umekwenda kushoto. Linafaa sana kwa mijadala na mazungumzo ya biashara.

Sasa maneno yanayoanza na “caught” ambayo kwa maana yake ya kwanza *hayahusu* mshangao. Haya ndiyo yanayowaaibisha watu:

- “Caught red-handed” na “caught in the act”: kukamatwa ukitenda kosa. Hapa ndipo kufumaniwa kunapoingia.
- “Caught out”: kugundulika umekosea au umedanganya. Waingereza hulitumia pia kwa watu waliojikuta taabani kwa mabadiliko ya ghafla: “Many drivers were caught out by the snow.”
- “Caught short”: kwa Waingereza, kwenye mazungumzo, ni kubanwa na haja mahali pasipo na choo. Wamarekani wanaweza kulitumia kwa kuishiwa na kitu. Nenda nalo polepole.

Umefaulu hatua ya 5 ukiweza kusoma sentensi yako na kusema papo hapo inamlaumu nani. Kama inamlaumu mtu ambaye hukukusudia kumlaumu, badilisha neno.

## Hatua ya 6: Pima ukubwa

Kutoka chini kwenda juu, kwa makadirio: “mildly surprised”, “surprised”, “amazed” na “astonished”, “astounded” na “stunned”, kisha “dumbfounded”, la yule aliyekosa hata neno la kusema. “Flabbergasted” liko juu huko pia, lakini lina uchekeshaji ndani yake. “Gobsmacked” ni la mitaani Uingereza, “gob” likiwa ni mdomo. Liache kwa marafiki.

Maneno makubwa hayapendi “very”. “Very surprised” ni sawa. “Very astounded” inasikika vibaya, kwa sababu “astounded” tayari limefika kileleni. Weka “absolutely” au usiweke kitu. “Quite” nayo ni kigeugeu: kwa Mwingereza, “quite surprised” ni kwa kiasi, ila “quite astonished” ni kabisa. Mmarekani anayesoma “quite surprised” huenda akaelewa “sana”. Ukiandikia watu wa pande zote mbili, iache.

Ushauri wangu ni kushuka ngazi moja chini ya ile unayoihisi. Waandishi wanaoanza huweka “flabbergasted” kwenye jambo la “surprised”, na jambo kubwa likija kweli hawana neno lililobaki.

## Hatua ya 7: Usidanganywe na sura

“Nonplussed” ni kuduwaa hadi usijue ufanye nini. Marekani wengi wameligeuza liwe “asiyejali, asiyetetereka”, yaani kinyume chake. Neno ambalo wasomaji wawili watalielewa kinyume halikusaidii, achana nalo. “Bemused” linafanana na kufurahishwa, ila maana yake ya msingi ni kuchanganyikiwa kidogo.

## Hatua ya 8: Tenganisha “ghafla” na “bila kutarajiwa”

“Suddenly” ni la kasi. “Unexpectedly” ni la matarajio. Mvua ya masika inaweza kuanza “suddenly” bila kuwa “unexpected” hata kidogo. Mgeni anaweza kufika polepole, kwa miguu, akionekana tangu mbali, na bado akawa “unexpected”.

“Out of the blue” ni ya habari, simu au mgeni aliyekuja bila dalili yoyote: “She called me out of the blue.” Usiitumie kwa jambo la kawaida kama basi kusimama.

Na “-a kushtukiza” yetu haina tafsiri moja. Ziara ya kushtukiza ya rafiki ni “surprise visit”. Ziara ya kushtukiza ya mkaguzi ni “unannounced visit” au “unannounced inspection”. Ukaguzi mdogo wa hapa na pale ni “spot check”. Jaribio la kushtukiza darasani, kwa Wamarekani, ni “pop quiz”. Shambulio la kushtukiza ni “surprise attack”. Kama washambuliaji walijificha wakivizia, ni “ambush”.

## Hatua ya 9: Pitisha “nilishtuka” kwenye chujio

Sasa rudi kwenye sentensi zako tano. Kabla hujazitafsiri, tazama neno moja linavyoweza kwenda njia sita:

Nilishtuka mlango ulipojibamiza. Mwili, sekunde moja. “The slamming door made me jump.”

Nilishtuka kusikia amefariki. Akili, baya, kubwa. “I was shocked to hear that he had died.”

Nilishtuka aliponiuliza mshahara wangu mbele za watu. Maneno ya mtu yaliniyumbisha. “I was taken aback when he asked about my salary in front of everyone.”

Nilishtuka usiku wa manane. Hapa ni kuamka kwa ghafla. “I woke with a start in the middle of the night.” Ukiandika “I was shocked at midnight”, msomaji atasubiri kuambiwa ulichokiona.

Nilishtukia saa sita imefika. Muda ulipita bila mimi kujua. “Before I knew it, it was noon.” Hakuna neno la mshangao hata moja kwenye Kiingereza chake, na ndivyo inavyotakiwa.

Walitaka kunitapeli, nikashtuka mapema. Huku ni kugundua ujanja, kinyume kabisa cha kukutwa. “They tried to con me, but I caught on early.” Tena ni “caught”, lakini safari hii wewe ndiye uliyekamata.

Zitafsiri zako kwa njia hiyo hiyo, ukianzia kwenye majibu ya hatua ya 1. Kisha tafuta kila kipande ulichokitumia kwenye kopasi au kamusi. Usitafute neno pekee. Tafuta na kihusishi chake, “taken aback by”, “startled by”. Ukikuta mifano mingi yenye mazingira kama yako, umefika. Ukikuta michache tena ya mazingira mengine, rudi hatua ya 1, kwa kuwa tatizo karibu kila mara liko kwenye majibu ya maswali manne.

## Hatua ya 10: Andaa maneno ya papo kwa papo

Kuandika juu ya mshangao wa jana ni rahisi. Shida ni ule unaokukuta kwenye kikao au kwenye simu, macho yote yakiwa kwako. Kariri vitatu au vinne, uvitamke kwa sauti hadi vitoke vyenyewe.

Swali limekukuta huna jibu: “You've caught me off guard there. Let me check and come back to you.” Hii ni ya heshima na haikudhalilishi.

Umepewa habari, nawe hujui ujibu nini: “I wasn't expecting that.” Inafaa kwa jema na kwa baya, na inakupa muda wa kuvuta pumzi.

Umepewa zawadi au sifa: “What a lovely surprise, thank you.” Neno “lovely” linaondoa ile hatari ya kejeli niliyoitaja.

Umepigiwa simu ukiwa na shughuli: “You've caught me at a bad time. Can I call you back?” Na swali likikushinda kabisa, mbele ya mtu mnayezoeana: “You've got me there.” Maana yake ni umeniweza, sijui. Kwenye usaili wa kazi usiitumie; tumia ile ya kwanza.